Jani la artemisia halina dawa sawa: maabara hupimaje?

Mvua za masika zikianza, mbu huongezeka na swali hili hurudi: ikiwa dawa ya malaria inatokana na mmea wa artemisia, kwa nini tusichemshe majani yake nyumbani tukanywa?

Swali hilo ni la haki. Artemisia ni jamii moja na pakanga. Kiini chake, artemisinini, ndicho kinachotumika kutengeneza sehemu moja ya dawa mseto tunazopewa zahanati, kama ALu. Kilitengwa China mwaka 1972 na kundi la mtafiti Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Majaribio ya awali yalitoa matokeo ya kubahatisha, hadi Tu alipotambua kwamba joto kali linaharibu kiini hicho. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na dawa ikaonekana.

Shida ni kwamba majani hayalingani. Kilo moja ya majani makavu yenye asilimia 1 ya artemisinini ina gramu 10 za kiini. Kilo nyingine yenye asilimia 0.1 ina gramu 1 tu. Kwa macho, kwa harufu na hata kwa uchungu, huwezi kuzitofautisha. Mbegu, siku ya kuvuna na namna ya kukausha hubadilisha kiwango. Wakulima waliolima zao hili Arusha, Kabale na Kenya wanajua kwamba kiwanda hununua kiini, si majani.

Maabara hufanyaje? Majani husagwa, hupimwa uzito, kisha hulowekwa kwenye kimiminika kinachovuta kiini. Maji hayafai sana, kwa sababu artemisinini huyeyuka kwa shida ndani yake. Baada ya kuchujwa, kimiminika husukumwa kwa nguvu ndani ya bomba jembamba lililojaa chembechembe. Kila kitu kilichomo hupita kwa mwendo wake na kutoka kwa zamu yake. Njia hii huitwa kromatografia. Mtaalamu kisha hulinganisha na artemisinini safi ambayo kiasi chake kinajulikana, kama muuza duka anavyotumia jiwe la mizani. Bila jiwe hilo, mashine ya bei yoyote haisemi kitu.

Sasa turudi kwenye sufuria. Kidonge kimoja cha ALu kina miligramu 20 za artemetha, inayotengenezwa kutokana na artemisinini, pamoja na miligramu 120 za lumefantrini. Kikombe cha chai kina ngapi? Nyumbani hakuna anayeweza kujibu. Dozi ikiwa ndogo, homa inaweza kushuka huku vimelea vikibaki kwenye damu, na vilivyobaki ndivyo vinavyojifunza kuikwepa dawa. Tayari usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini umethibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilirudia kusema kuwa haliungi mkono chai au unga wa artemisia kwa malaria.

Hatudharau miti shamba. Kidonge chenyewe kimeanzia shambani. Tunachosema ni kwamba mmea huwa dawa unapojulikana kiasi chake. Mtoto akipata homa, mpeleke akapimwe mapema, na akipewa dawa mseto, amalize dozi ya siku tatu hata kama ameanza kucheza.