Kasuku Hamfai Mtu Mwenye Shughuli Nyingi

Kuna ushauri unaozunguka hapa Juba, hasa miongoni mwetu tuliokuja kutafuta riziki na kuziacha familia Nairobi, Kampala, Arusha au Bunia. Unasema hivi: ukichoshwa na upweke wa chumba cha kontena, fuga kasuku. Mbwa anataka kutembezwa, na katika kompaundi nyingi haruhusiwi. Paka ana mambo yake. Mbuzi ni wa kuliwa. Kasuku ndiye anayemfaa mtu wa kazi: anakaa tunduni, anakula karanga, hadai uwanja, na juu ya hayo anaongea. Kinachobaki, eti, ni kuchagua aina inayoendana na maisha yako, mkubwa kwa mwenye nafasi, mdogo kwa mwenye chumba kimoja.

Ushauri huu hautengenezeki. Katika wanyama wanaofugwa ndani ya nyumba ni wachache wanaodai muda wa mtu kama kasuku, na maisha ya Juba, kwa namna tunavyoishi wageni wengi, hayana kasuku anayeyafaa. Awe mkubwa, awe mdogo, awe wa kijivu au wa kijani.

Tuanze na muda, maana ndipo uongo ulipo. Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu ambaye kila mtu humtaja kwanza, ni ndege wa umati. Msituni hulala pamoja na wenzake kwenye miti mirefu, wakati mwingine kwa mamia. Alfajiri hutawanyika kwa makundi kutafuta mbegu na matunda ya michikichi, wakiitana njia nzima. Akipata mwenza hushikamana naye miaka na miaka. Sasa mchukue ndege huyo umtie katika ratiba yako. Saa moja na nusu asubuhi gari la ofisi linapiga honi, unaondoka. Unarudi jioni kabla ya saa ya kufungiwa geti, umechoka, una ripoti ya kumalizia na simu ya kupiga nyumbani. Kila baada ya wiki sita au nane unapanda ndege kwenda likizo ya mapumziko, na kasuku anabaki na mlinzi, ambaye hakuajiriwa kwa kazi hiyo wala halipwi kwa ajili yake.

Kasuku aliyeachwa hivyo haketi akingoja kwa adabu. Hupiga kelele saa nzima, huyumba huku na huko juu ya kijiti kimoja, halafu huanza kujing'oa manyoya ya kifuani mpaka ngozi inabaki wazi. Mwenyewe hukimbilia kudhani ni utitiri, akatafuta dawa ya kunyunyiza. Ugonjwa upo kweli mara nyingine, lakini sababu moja kubwa inajulikana kwa kila aliyewahi kuwatunza ndege hawa: ni upweke na kukosa la kufanya. Mtu ametibu upweke wake kwa kumhamishia ndege.

Na ajabu yake ni kwamba tunapeana ushauri huu katika nchi inayojua kufuga kuliko nyingi. Toka Juba ushike njia ya Terekeka, ukawaone Wamundari na ng'ombe wao. Wanachoma samadi, wanawapaka ng'ombe majivu kuwakinga na wadudu, wanawasugua kwa mikono, wanalala kando yao usiku. Muulize kijana yeyote pale ni ng'ombe wa aina gani anayemfaa mtu asiyekuwepo mchana kutwa. Atakuona punguani. Kwake kufuga ni kuwapo. Sisi wenye shahada na vitambulisho vya shingoni ndio tumeamini kwamba yupo mnyama anayefugwa na mtu ambaye hayupo.

Hewa nayo usiisahau. Ndege hana mapafu kama yetu. Hewa hupita ndani yake kwa njia inayonyonya kila kilichomo, kizuri na kibaya. Ndiyo sababu wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka mashimoni na ndege wadogo hadi 1986: gesi ilimwangusha ndege kabla haijamfikia mtu. Halafu mtu wa Juba anatundika tundu barazani, hatua chache kutoka kwenye jenereta, na jikoni wanachoma mkaa. Kikaango kile kisichoshika chakula, kikisahauliwa motoni kikaungua, hutoa mvuke unaoweza kumuua kasuku katika chumba cha pili huku wewe hujasikia hata harufu. Joto? Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa kuhofia joto la nyuzi 45. Chumba cha bati au kontena ambacho umeme umekatika mchana, tundu likiwa limefungwa na mwenye ufunguo yuko mkutanoni: sihitaji kueleza zaidi.

Chakula nacho kimerahisishwa mno. Karanga za kopo zikipata unyevu huota ukungu, na ukungu ni adui mkubwa wa mapafu ya kasuku. Anayelishwa karanga na alizeti tu hukosa vitamini A na madini ya kalsiamu, na kasuku wa kijivu akipungukiwa kalsiamu huweza kuanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa. Anataka matunda, mboga za majani, mahindi mabichi, vitu vya kupasua na kutafuna kila siku. Parachichi, ambalo wengi wangempa kwa wema kabisa, ni sumu kwake. Akiugua utampeleka wapi? Madaktari wa mifugo wa hapa ni hodari kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa sababu hao ndio nchi inawategemea. Daktari wa kasuku ni taaluma ya peke yake.

Lakini anaongea, watasema. Hili ndilo linalouza kasuku wengi kuliko jingine lolote, nami nalihesabu kuwa ndiyo sababu kubwa ya kutomnunua. Mwaka 1977 mtafiti Mmarekani Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu katika duka la wanyama huko Chicago, akampa jina Alex. Hadi alipokufa 2007, Alex alikuwa ametaja rangi, maumbo na vitu vingi, alihesabu hadi sita, na aliweza kusema kama vitu viwili vinafanana au vinatofautiana. Watu husimulia habari hii kwa kushangilia, kisha wanaagiza tundu. Wanasahau kwamba Alex aliishi mchana kutwa na watu waliokuwa kazini kwa ajili yake. Kiumbe mwenye akili ya kufanya hayo, ukimfungia ndani ya waya pamoja na redio, anajua kwamba amefungiwa. Sauti yake Mungu alimpa kwa ajili ya wenzake. Watafiti waliorekodi kasuku wa kijivu porini Zaire ya zamani, katika kazi iliyochapishwa 1993, waliwasikia wakiiga sauti za ndege wa aina nyingine tisa na hata ya popo. Anapokuita jina lako jioni, anaita kundi lake, na kundi lenyewe ni wewe peke yako.

Kisha kuna umri. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi miaka 40, wengine hufika 60. Mkataba wako ni wa mwaka mmoja, ukiwa na bahati miwili. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Huyu ni mgeni wa nusu karne asiyejua kulima. Mji huu wenyewe umetufundisha mara mbili, mapigano yalipozuka Desemba 2013 na Julai 2016, jinsi watu wanavyoweza kuondoka na begi moja tu. Ndege zinazokuja kuwachukua watu siku kama hizo hupakia watu. Anayekujibu kwamba atamwachia mwenzake wa chumba cha jirani hajamuuliza mwenzake huyo, na mwenzake naye ana mkataba.

Wapo wanaojiona wenye hekima zaidi, wanaosema: basi chagua mdogo. Nina heshima kidogo kwa hoja hii, kwa sababu kasuku wadogo wa Australia na wale wa Fischer wa Tanzania wamezalishwa vizimbani vizazi vingi, na mtu mwenye nyumba yake, familia yake na kizimba kipana anaweza kuwafuga wawili pamoja bila dhambi kubwa. Wawili, si mmoja. Lakini angalia historia ya huyo wa Fischer kabla ya kumwita wa bei nafuu. Kwao ni kaskazini mwa Tanzania, upande wa Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi kuliko wote duniani, wakatolewa maelfu kwa maelfu hadi idadi yao ikaporomoka. Waliotoroka kutoka matunduni leo wanaruka Nairobi na kando ya Ziwa Naivasha, wamezaana na jamaa zao wa shingo ya manjano, ambao pia ni wa Tanzania, mpaka huwezi kuwatenganisha. Hata mdogo ana deni nyuma yake. Na mwenye chumba cha kontena na likizo ya kila wiki sita hapati ruhusa kwa sababu ndege amepungua ukubwa.

Niliyemweka mwisho ndiye anayeniudhi zaidi: anayesema amemwokoa. Alimkuta kasuku wa kijivu ndani ya kikapu, amejikunyata, mkia umekatika, akamhurumia, akalipa. Huruma hiyo naielewa. Ila fedha haijui kwamba ilitolewa kwa huruma. Aliyeipokea anarudi kuagiza mwingine. Kasuku hawa wananaswa kwa ulimbo uliopakwa matawini, mara nyingi wakiitwa na mwenzao aliyefungwa kamba pale awe chambo, au makinda yanatolewa kwenye pango la mti. Makadirio yanayotajwa na wahifadhi ni kwamba kati ya theluthi moja na theluthi mbili hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Kwa hiyo huyo mmoja uliyemwokoa ana wenzake waliotupwa njiani, na bei uliyolipa imewalipia wote.

Kati ya 1975 na 2013 kasuku wa kijivu waliotolewa porini na kusafirishwa nje kwa hati halali peke yake walizidi 1,300,000. Nchini Ghana watafiti waligundua kwamba tangu 1992 wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99. Kenya, waliobaki msitu wa Kakamega ni wa kuhesabu kwa vidole. Ndiyo maana mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliwapandisha Kiambatisho cha Kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliokamatwa porini imekatazwa. Anayedhani atavuka naye mpaka wa Nimule au kushuka naye uwanja wa ndege wa Nairobi akiwa ndani ya boksi la viatu ajue anachobeba. Kenya, mwishoni mwa 2022, shirika la wanyamapori la KWS liliwapa wenye kasuku wa kijivu wasio na kibali miezi mitatu tu ya kujisajili. Yule anayekuambia ndege wake amezalishwa kizimbani, mwombe akuonyeshe pete iliyofungwa mguuni, ile isiyo na maungio, ambayo huvishwa kinda akiwa bado mdogo. Ukiona mguu mtupu, umejibiwa.

Sijasema usipende kasuku. Sudan Kusini inao wake, na hawahitaji tundu lako: kasuku wa kijani mwenye mkia mrefu na ukosi shingoni, kasuku wa kahawia mwenye manjano begani, yule mdogo mwenye uso mwekundu, na huko Ikweta Magharibi kasuku ambaye wanasayansi wa Ulaya walimbandika Niam-niam, jina la kejeli walilokuwa wakiitwa Wazande. Wanataga katika mapango ya miti mikongwe, ile ile tunayoigeuza mkaa wa jikoni. Darubini ya macho mawili, ya mtumba, ni nafuu kuliko tundu zuri, inaingia kwenye begi siku ya kuondoka, na haimlilii mtu.

Kama tayari unaye, usimfungulie dirisha ukajiita mkombozi. Ndege wa msitu wa Kongo hawezi kujitafutia chakula kwenye vumbi la mtaa wa Gudele. Mpe nafasi pana, mtoe tunduni kila siku, mtafutie mtu wa kukaa naye mchana, usimuuze, na nenda ukaulize utaratibu katika Wizara ya Uhifadhi wa Wanyamapori na Utalii kabla mkataba wako haujaisha, si wiki ya kufunga mizigo.

Na wewe ambaye bado hujanunua, akija mtu langoni na kikapu kilichofunikwa kitenge, akikwambia huyu anajua salamu za Kiswahili, Kilingala na Kiarabu cha Juba, usinunue. Usinunue hata kwa huruma. Mwambie hapana, umweleze sababu, na uwaambie na majirani zako wa kompaundi waseme vivyo hivyo.