Katapila Haikati Kona? Usikimbilie Kununua Diski

Mwenye katapila kuukuu, tuseme Caterpillar D4 ya miaka ya 1950, husikia mengi gereji mashine inapokataa kukata kona. Mengi yanamlia fedha, na mashine inabaki vilevile.

"Leva haina mchezo, maana yake klachi imeshika vizuri." Hili linaua klachi nyingi. Katika katapila hizi kila mnyororo una klachi yake kavu, yenye diski nyingi zinazobanwa na springi muda wote. Leva huvutwa ili kuziachia. Diski zinapolika, bamba la kubana husogea na mchezo wa leva, yaani ule mwendo wake wa bure kabla haijaanza kuvuta klachi, hupungua siku hadi siku. Ukiisha kabisa, leva inakuwa inazipunguzia springi nguvu hata kama opareta hajaigusa. Klachi inateleza, inachemka, na joto likishazilegeza springi, kazi imekuwa kubwa. Kwa hiyo mchezo ule si ulegevu wa kuondolewa. Upime, ulinganishe na kitabu cha mashine, ukipungua urudishe. Opareta anayetaka leva "iume haraka" na fundi anayemkubalia wote wawili wanaichoma klachi.

"Inateleza, basi diski zimekwisha." Huenda, lakini tazama chini kwanza. Vyumba vya klachi vimekaa kati ya gia zinazoogelea kwenye oili: gia kubwa ya katikati upande mmoja, gia za mwisho za mnyororo upande mwingine. Sili ikichoka, oili inapenya inakotakiwa kuwa pakavu. Kila chumba kina kizibo chini yake. Kifungue, oili ikimwagika, mwizi umemkamata, na diski zinaweza kuwa bado nzima. Dawa ya zamani ni kumimina mafuta ya taa chumbani klachi ikiwa imepoa, kuitembeza mashine mbele na nyuma huku leva zikivutwa, kisha kuyamwaga na kuacha pakauke. Petroli kamwe: mvuke wake ukikutana na joto la klachi, wewe utakuwa unazima moto badala ya kutengeneza mashine. Lakini kuosha bila kubadilisha sili ni kuahirisha tu. Tena hayo yote ni ya klachi kavu. Katapila za baadaye zina klachi zinazofanya kazi ndani ya oili, na huko mambo ni mengine kabisa.

"Haiachii? Kaza fimbo ya leva." Kama mashine ililala nje masika nzima, huenda diski zimeshikana kwa kutu. Au meno ya ngoma ya klachi yamechimbika, na diski zinanasa humo badala ya kuteleza na kuachana. Hakuna spana ya kurekebishia itakayoponya hayo. Lazima klachi ishushwe. Vijifereji vidogo fundi makini huvisawazisha kwa tupa. Vikiwa virefu, ngoma inabadilishwa. Na ikishafunguliwa, kubadilisha diski bila kupima springi ni kazi nusu.

"Kaza breki mpaka mwisho, ndiyo itashika." Mkanda wa breki umeizunguka ngoma ileile ya klachi. Ukiburuza, joto linaingia kwenye klachi hiyo. Chini kuna skrubu inayouinua mkanda usilalie ngoma, na hiyo husahaulika mno. Rekebisha breki na skrubu hiyo kwa kipimo cha kitabu, kisha iendeshe mashine kidogo na usikie kama ngoma imepata moto.

"Nimevuta kushoto, imeenda kulia, fundi amefunga vibaya." Uliza kwanza kama ilikuwa mteremkoni. Mashine inaposukumwa na uzito wake, mnyororo ulioachiwa huviringika haraka huku mwingine ukizuiwa na injini, basi kona inageuka. Hilo si kosa la fundi. Opareta ashike na breki ya upande anakotaka kwenda.

Wapo pia wanaopuliza vumbi la klachi kwa kompresa na kusema vumbi ni vumbi tu. Diski na mikanda ya zamani mingi ilikuwa na asbestosi, na yanayoumia ni mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa, vaa barakoa.

Mwenye mashine, kabla hujatoa hata senti ya diski mpya, simama pale fundi afungue kile kizibo na apime mchezo wa leva mbele ya macho yako. Akikataa, tafuta mwingine.