Kolwezi ina kobalti, lakini wachezaji wanasaini kwingine

KOLWEZI – Kila siku malori yenye shaba na kobalti yanatoka Lualaba kuelekea mpaka wa Zambia. Jimbo hili ndilo linaloilisha dunia kobalti ya betri, na mgodi wa Kamoa-Kakula, ulioanza kuzalisha shaba mwaka 2021 katika eneo la Mutshatsha, umeingia katika orodha ya migodi mikubwa kabisa duniani. Hata hivyo, dirisha la usajili linapofunguliwa, mchezaji wa mpira anayetafutwa na klabu nyingi haisikii sauti ya Kolwezi. Anasikia Lubumbashi, Kinshasa, na miaka hii zaidi anasikia Dar es Salaam.

Jibu la haraka ni pesa, na lina ukweli, ila halitoshi. Pesa zipo Kolwezi, pengine kuliko katika mji mwingine wowote wa kusini mwa nchi. Kinachokosekana ni mji ambao mchezaji, mke wake na wakala wake wanaweza kuutazama na kusema: hapa tunaweza kukaa miaka miwili.

Kwingine duniani jambo hili limekwisha kuzungumzwa sana. Katika ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, NHL, klabu zimewekewa kikomo cha jumla ya mishahara tangu mwaka 2005, baada ya mgogoro uliofuta msimu mzima. Kwa kuwa klabu tajiri haiwezi tena kumwaga pesa inavyotaka, mchezaji anaangalia mambo mengine: hali ya hewa, shule za watoto, kodi. Florida haina kodi ya mapato ya jimbo na haina theluji. Klabu zake mbili zimetwaa Kombe la Stanley mara nne kati ya mwaka 2020 na 2025. Si kodi pekee iliyoleta vikombe hivyo, lakini mashabiki wa Winnipeg, mji wenye baridi kali, hawachoki kuitaja.

Afrika hakuna kikomo cha mishahara, kwa hiyo pesa bado ndiyo inayotangulia. Ila pesa zinapokaribiana, au malipo yanapokuwa ya ahadi tu, mji ndio unaoamua.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Mbwana Samatta. Mwaka 2011 TP Mazembe ilikutana na Simba ya Tanzania katika Ligi ya Mabingwa Afrika, ikamwona kijana huyo na kumchukua. Wakati huo safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi ilikuwa ya kupanda ngazi. Mazembe ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, na Desemba 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikifungwa 3-0 na Inter Milan. Uwanja wake wenyewe, Kamalondo, ulifunguliwa mwaka 2011. Moïse Katumbi, mwenye klabu, alikuwa gavana wa Katanga. Mzambia Rainford Kalaba alikuwepo, na wachezaji wa Ghana, Mali na Côte d'Ivoire walifuata.

Kuna jambo moja ambalo wachambuzi wa Ulaya hulisahau: Lubumbashi inaongea Kiswahili. Kiswahili cha Katanga kina mambo yake, na Mtanzania atacheka siku za kwanza, lakini sokoni atanunua unga bila mkalimani na uwanjani ataelewa anachoambiwa. Samatta alikaa hadi Januari 2016. Aliondoka akiwa bingwa wa Afrika wa mwaka 2015, mfungaji bora wa mashindano hayo kwa mabao saba, na mshindi wa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka anayecheza ndani ya Afrika. Alikwenda Genk ya Ubelgiji. Kwa mchezaji kijana, hicho ndicho kivutio kikubwa kuliko nyumba na gari: mji ambao watu wanaokuona wanaweza kukupeleka mbele.

Miaka kumi baadaye njia ile ile imegeuka. Mwaka 2021 Fiston Mayele na Djuma Shabani walitoka AS Vita Club ya Kinshasa wakasaini Yanga. Januari 2023 Jean Baleke alitoka Mazembe kwenda Simba kwa mkopo. Mwaka 2024 beki Chadrack Boka aliiacha Saint-Éloi Lupopo, klabu ya Lubumbashi yenye asili ya wafanyakazi wa reli, akaenda Yanga. Na mpira wenyewe ulithibitisha mageuzi hayo: katika Kombe la Shirikisho la mwaka 2023, Yanga iliifunga Mazembe 3-1 Dar es Salaam, kisha 1-0 mjini Lubumbashi. Mayele akamaliza akiwa mfungaji bora, Yanga ikafika fainali, na yeye akauzwa Pyramids ya Misri.

Dar es Salaam ilipata nini ambacho Lubumbashi imepoteza? Kwanza, runinga. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kila mechi ikionekana, wakala wa Cairo au Casablanca hahitaji kupanda ndege ili amjue beki wa kushoto. Pili, uwanja wa Benjamin Mkapa unaochukua watu 60,000, na mashabiki wanaompokea mchezaji mpya uwanja wa ndege kama mkwe. Tatu, na hili wachezaji wa Kongo wanalijua vizuri, kalenda. Ligi ya Tanzania inaanza na kumalizika. Ligi ya Kongo, Linafoot, imekuwa ikisimama na kubadilishwa mara kwa mara, na vita vya mashariki, ambako M23 iliingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, vimezidi kuipa nchi nzima sura ya mahali pa kuondoka.

Mazembe haikufa. Ilitwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na 2017, na mwaka 2024 ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Lakini mvuto wa Lubumbashi ulikuwa pia mvuto wa mtu mmoja. Katumbi alipokuwa uhamishoni, kuanzia Mei 2016 hadi Mei 2019, kila wakala alijiuliza nani atalipa mwaka ujao. Mji unaovutia kwa sababu ya tajiri mmoja unategemea afya ya siasa za tajiri huyo.

Ndipo tunarudi Kolwezi, mji mkuu wa jimbo lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. AS Simba na Blessing FC zimeufikisha mji huu katika ligi ya taifa, na uwanja wa Dominique Diur upo. Kiswahili kinaongelewa hapa kama Lubumbashi. Kwa hesabu ya juu juu, viungo vyote vya ugali vimo jikoni.

Lakini mtazame mchezaji anayeletwa hapa na wakala. Mji unaishi kwa dola, na nyumba nzuri zinashindaniwa na watumishi wa migodi ambao kampuni zinawalipia. Vumbi na malori ni vya kila siku. Kuna mitaa ambayo yenyewe haina uhakika wa kubaki: Kasulo watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao baada ya madini kugunduliwa hapo mwaka 2014, na mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu familia za Kolwezi zilizohamishwa kupisha upanuzi wa migodi, zikiwemo za Cité Gécamines. Mji ambao wenyeji wake hawajui kama mtaa wao utakuwepo miaka mitano ijayo ni vigumu kumwambia mgeni alete watoto.

Isidhaniwe kwamba mji wa migodi hauwezi kuvutia wachezaji. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, ilikuwa kinyume. Nkana ya Kitwe ilicheza fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1990, na Power Dynamos, ya mji huo huo, ikatwaa Kombe la Washindi mwaka 1991. Wakati ule shirika la migodi la serikali lilikuwa nyuma ya mpira: mchezaji alipata kazi, nyumba na hospitali kwa pamoja. Hakusajiliwa na klabu tu, alisajiliwa na mji. Migodi ilipobinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, mpango ule ulilegea. Kampuni za leo za Lualaba zinaajiri mhandisi na dereva. Winga haumo katika hesabu zao.

Sheria inatoa nafasi ndogo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na asilimia 15 ya mrabaha iende kwa serikali za mitaa zenye mgodi. Viwanja vinaweza kujengwa kwa pesa hizo, na hakuna mwenye akili atakayesema viwanja vitangulie visima vya maji na shule. Bahati nzuri ni kwamba havigombani. Maji, umeme usiokatika na shule nzuri ndivyo vitu vile vile ambavyo mke wa mchezaji anauliza kabla mume hajasaini.

Cha haraka zaidi, na kisichohitaji mgodi, ni mshahara kulipwa kwa tarehe. Kanuni za FIFA tangu mwaka 2018 zinamruhusu mchezaji asiyelipwa miezi miwili kuvunja mkataba baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15. Habari za namna hiyo zinasafiri kwa WhatsApp kuliko habari za bao. Klabu ndogo inayolipa kidogo kila mwisho wa mwezi inasajili vizuri kuliko kubwa inayoahidi mengi.

Kwa sasa njia ya kijana mwenye kipaji wa Mutshatsha inajulikana hata kabla hajajifunza kupiga krosi. Reli inapita hapo, ile inayotoka Kolwezi kwenda Dilolo na kuendelea hadi bandari ya Lobito nchini Angola, ambayo Marekani na Ulaya wanaipigia debe kwa ajili ya shaba. Yeye atakwenda upande mwingine: Kolwezi kwanza, kisha Lubumbashi, ambako Mazembe ina shule ya soka inayochukua watoto wadogo. Akifanikiwa, atakayemwona akisaini mkataba wake wa kwanza wa maana huenda ni shabiki wa Jangwani au Msimbazi, na mama yake atamtazama kwenye simu.