Kisasi si Uanaume

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika darasa yangu ya alasiri yumo kijana wa miaka kumi na minne. Baba yake aliuawa katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Aliyeua alihukumiwa akafungwa, na wazee wa pande mbili wakakaa kitako kutafuta sulhu, ili damu isivuke ikafika kwa watoto. Siku moja tukisoma mlango wa subira, kijana akaniambia: "Maalim, subira ni ya wanawake. Mimi nitakuwa Thakur."

Wenziwe wakacheka, kwani wote walilijua jina hilo. Mimi sikucheka. Niliuliza huyo Thakur ni nani, nikaambiwa. Kisha nikakaa nikaitazama picha hiyo mpaka mwisho, maana mwenye kulihukumu jambo asilolijua hudhulumu.

Picha yenyewe ni Sholay, iliyotengenezwa na Ramesh Sippy na kutolewa India tarehe 15 Agosti 1975. Katika sinema moja ya Bombay ilionyeshwa kwa muda wa miaka mitano. Na watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa picha za Kihindi ni nini. Wengi wetu tulilelewa nazo. Majumba mengi ya sinema yamekwisha kufungwa, lakini picha haikufungwa. Imehamia sebuleni, na kutoka sebuleni ikaingia katika simu ya mtoto.

Kisa chake ni hiki. Thakur Baldev Singh alikuwa afisa wa polisi. Alimkamata jambazi Gabbar Singh, jambazi akatoroka gerezani, akaenda nyumbani kwa Thakur akawaua watoto wake na mjukuu wake. Akasalimika mkwe mmoja tu, Radha, ambaye hakuwapo. Thakur kwa hasira akamfuata Gabbar, akakamatwa, akakatwa mikono yote miwili. Ndipo akawakodi wezi wawili, Jai na Veeru, wamletee jambazi yule hai, apate kumwua mwenyewe kwa miguu yake.

Masheikh wenzangu wanapozisema picha hizi husema nguo na ngoma. Ni kweli, na hayo yana hukumu yake. Lakini nguo mtoto huiona akajua kuwa ni aibu, hata akageuza uso mbele ya mama yake. Kisasi hakioni kuwa ni aibu. Hukiona ni uanaume, na baba yake aliyekaa karibu naye anapiga makofi. Hiyo ndiyo sumu ninayoilalamikia, nayo huingia nyumba yenye stara kama inavyoingia nyumba isiyo na stara.

Mtu ataniuliza: "Sheikh, wamtetea Gabbar?" Hasha! Mwenye kuua watu na kutisha vijiji, sharia yetu ina hukumu kali juu yake, na Sura ya Maida imeitaja. Wala haki ya walii wa aliyeuawa haikupuuzwa. Sura ya Israi, aya ya 33, imempa nguvu, na papo hapo imemkataza kupindukia. Sura ya Baqara, aya ya 178, imemfungulia mlango wa kisasi, na wa kusamehe na kupokea dia. Lakini hukumu hupitishwa na kadhi na kutekelezwa na mwenye mamlaka, baada ya ushahidi. Kila mwenye uchungu akijifanya kadhi, mji utabaki na nani?

Na ajabu ni kuwa hata wakubwa wa India waliliona hilo. Katika picha kama ilivyotengenezwa kwanza, Thakur anamwua Gabbar, kisha analia. Wakaguzi wa serikali wakakataa, kwa kuwa haifai aliyekuwa polisi kujichukulia sharia mkononi. Ukatengenezwa mwisho mwingine: polisi wanafika, na jambazi anatiwa mikononi mwao. Mwaka 2025, picha ilipotimiza miaka 50, ule mwisho wa kwanza ulirudishwa na kuonyeshwa Bologna, Italia. Basi wazazi mjue kuwa picha mliyoiona nyinyi huenda siyo watakayoiona watoto wenu.

Lakini nitasema haki. Katika picha hiyo hiyo yumo mzee kipofu, imamu wa kijiji cha Ramgarh. Mwanawe wa pekee, Ahmed, anauawa na genge la Gabbar. Wanakijiji wanaingiwa na hofu, wanataka kuwatoa Jai na Veeru wapate kusalimika. Mzee yule, maiti ya mwanawe iko mbele yake, anawakataza wasikubali unyonge. Kisha inasikika adhana, naye anashika njia kwenda msikitini. Hakuapa kumwaga damu ya mtu, wala hakuipigia dhulma magoti. Nikamwuliza kijana wangu: "Mbona hukutaka kuwa yule?" Akanyamaza. Kumbe hakuna aliyemwonyesha kuwa yule naye ni mwanamume.

Na sisi tuna mfano mkubwa zaidi. Siku ya Uhud aliuawa Hamza, ami yake Mtume (S.A.W.), na mwili wake ukachezewa. Wafasiri wengi wamezihusisha aya za mwisho za Sura ya Nahl na siku ile: zinaruhusu kulipa sawasawa, na zinasema kusubiri ni bora. Baada ya Makka kufunguliwa, akaja Wahshi, aliyemwua Hamza, akasilimu. Mtume akaupokea Uislamu wake, akamtaka tu asimwonyeshe uso wake. Tazameni! Uchungu ulikuwapo, wala hakuuficha, lakini mkono haukunyanyuka. Na Arafa, mwaka 10 wa Hijra, alipovifuta visasi vya damu vya zama za ujahili, alianza na damu ya jamaa yake mwenyewe, mtoto wa Rabia bin Harith. Hakuanza na ya jirani.

Enyi wazazi, sisemi mvunje televisheni, maana najua hamtaivunja. Nasema kaeni na watoto, na picha ikifika pale pa kumwaga damu msipige makofi. Waulizeni: Jai alikufa kwa ajili ya nini? Wale watoto wa Thakur walifufuka? Na nyinyi wenyewe, mnapogombania mirathi na mipaka, msiseme mbele ya mtoto, "Nitamwonyesha!" Mtoto hulisikia la picha mara moja, na la baba yake kila siku.

Kijana wangu angali anasoma. Siku ya sulhu mama yake alisamehe mbele ya wazee, naye alikuwapo, ameinamisha kichwa. Kama moyo wake umesamehe, sijui. Namwombea, nanyi mwombeeni.

Mwenyezi Mungu azisafishe nyoyo zetu na za watoto wetu. Amin.