Kikapu kizuri, hesabu mbaya: mapambo ya vyombo Korogwe na Handeni

MKONGE umeuzunguka mji wa Korogwe. Ngombezi, Magunga, Mwelya, Hale na Magoma ni majina ambayo kila aliyesoma jiografia ya Tanga anayahusisha na zao hilo, na upande wa Handeni wakulima wadogo nao wamekuwa wakiongeza ekari. Hata hivyo, mama anayetaka kilo mbili tu za singa ili asuke kikapu cha kuwekea nguo hana mahali rahisi pa kuzipata. Huona marobota yakipakiwa kwenye malori, kisha yeye anakwenda dukani kununua kamba ya nailoni.

Hapo ndipo pa kuanzia mtu akitaka kuelewa kwa nini biashara ya kupamba vyombo vya nyumbani, ambayo kila semina ya ujasiriamali huisifu, imewanufaisha wachache katika wilaya hizi mbili. Ufundi upo. Mikono ipo, hasa miezi ya kiangazi wakati shamba la mahindi halina kazi. Kinachokosekana ni mali ghafi inayouzwa kwa kilo, na hesabu ya siku za kazi.

Biashara ya mkonge tangu mwanzo imehesabiwa kwa tani. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida, Marekani, ilipona 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani. Baadaye nyuzi za plastiki ziliteka soko la kamba, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na uzalishaji ukaporomoka hadi kiasi cha tani 20,000 hivi mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika kupanda na kushuka kote huko, mnunuzi aliyefikiriwa alikuwa kiwanda au meli. Fundi wa kikapu hakuwamo kwenye hesabu.

Mfumo wa sasa wa wakulima wadogo nao umejengwa hivyo hivyo. Majani hukatwa, hupelekwa kwenye korona, singa huoshwa, huanikwa, hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja na kufungwa marobota, kisha huuzwa kwa pamoja kupitia vyama vya ushirika. Katika kila kilo 100 za majani, singa kavu ni kama kilo nne tu. Mkulima anayejaribu kuparura majani kwa kisu nyumbani hupata singa kidogo na muwasho mwingi, maana maji ya mkonge huwasha ngozi. Kwa hiyo singa ya kusukia haina budi kutoka kwenye korona, na korona haina utaratibu wa kumhudumia mtu wa kilo mbili.

Soko lililo karibu

Wengi wakisikia kazi za mikono hufikiria mtalii. Kwa Korogwe si wazo baya kabisa, kwa kuwa wageni wanaokwenda Lushoto hupita mjini hapo kabla ya kukata kona Mombo. Lakini mtalii wa Usambara ni wa kubahatisha, naye huja na msimu wake. Wanunuzi wa uhakika zaidi ni Watanzania, na wanapatikana katika mambo mawili.

La kwanza ni kicheni pati. Sherehe hii ya kumfunda na kumzawadia bibi harusi imeenea kutoka mijini hadi miji midogo, na zawadi zake ni vyombo vya kawaida vilivyopambwa: ungo uliozungushiwa kitambaa cha kitenge, kinu na mchi vyenye shanga, mwiko, kata, mbuzi ya kukunia nazi, kibuyu, chungu, kikapu chenye mfuniko. Kamati ya akina mama huwa na bajeti, tarehe na rangi ya sare. Hawabishani sana juu ya bei kama kitu kimekamilika na kinafanana na rangi yao. Fundi mmoja wa Chanika, mjini Handeni, akijulikana na kamati tatu au nne, anaweza kuwa na kazi ya kuagizwa badala ya kusuka na kungoja.

La pili ni barabara. Mabasi yote ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Segera, Korogwe na Mombo, na mwezi Desemba familia za Kilimanjaro zinarudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi zikiwa na mizigo na haja ya zawadi. Lami ya kutoka Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, na kutoka Handeni hadi Mkata, kilomita 54, nayo imeifungua Handeni pande mbili. Lakini abiria hununua kwa dakika tano kupitia dirishani. Kapu kubwa la kuwekea nguo, hata likiwa zuri namna gani, haliingii dirishani. Kinachouzika pale ni kikapu cha kukunjwa, kawa ndogo, kitu cha noti moja au mbili kisichohitaji maelezo.

Wapo wanaosema katazo la mifuko ya plastiki, lililoanza Juni 1, 2019, lilitakiwa kuwa neema kwa wasusi wa vikapu. Kwa muda mfupi lilikuwa hivyo. Kisha mifuko mbadala ya kiwandani ikajaa madukani kwa bei ambayo hakuna mkono wa binadamu unayoweza kushindana nayo. Kikapu kilichobaki sokoni ni kile ambacho mama anakitaka kwa sababu kinadumu na kinapendeza.

Siku za kazi hazihesabiwi

Tuchukue mfano, na kila kikundi kiweke namba zake halisi. Kapu la kuwekea nguo chafu linatumia singa za Sh4,000, rangi ya Sh1,000, kitambaa cha bitana na mikono ya kushikia Sh3,000, nauli Sh1,000. Jumla ni Sh9,000. Mchuuzi analichukua kwa Sh15,000 na msusi anafurahi kuwa amepata faida ya Sh6,000. Lakini kapu hilo limemchukua siku tatu. Amejilipa Sh2,000 kwa siku. Kama kibarua cha palizi kijijini kwake ni Sh5,000, amepoteza Sh9,000 kwa kukaa kivulini akisuka. Bei ya haki ya kapu hilo ni Sh24,000 kabla hata ya faida, na kama hakuna anayelinunua kwa bei hiyo, basi si kapu la kusuka.

Kuna upande mwingine wa hesabu hiyo. Chupa ya kioo au kopo la kuwekea kalamu na vijiko, lililozungushiwa uzi wa mkonge kwa gundi, linaweza kumalizika kwa saa moja na kuuzwa Sh3,000. Kwa saa, linalipa kuliko kapu. Tatizo lake ni kwamba jirani akiliona mara moja anajua kulitengeneza. Kikundi kikifundishwa kitu cha namna hiyo Januari, kufikia Aprili mtaa mzima unauza makopo yale yale na bei imeshuka hadi kwenye gharama ya gundi. Mafunzo ya siku mbili huzaa washindani wengi kuliko wateja, jambo ambalo waandaaji wa semina hawapendi kulisema.

Kenya iliwahi kulipia somo hilo kwa ukubwa zaidi. Kiondo, kikapu cha wanawake wa Kikamba na Kikuyu ambacho mara nyingi husukwa kwa mkonge, kilipata soko kubwa nje ya nchi miaka ya 1970 na 1980. Viwanda vya Asia ya Mashariki vikaiga umbo lake kwa nyuzi za bandia na kuuza kwa bei ya chini. Wasusi waliobaki sokoni walikuwa wale waliokuwa na kitu ambacho mashine haikukipata kirahisi, kama ngozi iliyoshonwa vizuri na rangi za asili.

Iringa kuna mfano wa kutia moyo. Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianza na vijana wachache viziwi wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kilichoifanya isimame ni duka na mgahawa vilivyo mahali pamoja na karakana, hivyo mnunuzi anaiona kazi ikifanyika na bei haikatwi na mchuuzi wa kati. Korogwe haina duka la pamoja la aina hiyo linalojulikana na wapita njia, pamoja na kwamba magari yanayopita hapo ni mengi kuliko yanayokwenda Ruaha.

Hali ya wanawake wa Kimaasai wilayani Handeni ni ngumu zaidi. Kupamba kibuyu cha maziwa kwa shanga na ngozi ni kazi waliyokua nayo, na wengine kati ya waliohamia Msomera kutoka Ngorongoro tangu Juni 2022 wametoka eneo ambalo watalii walinunua shanga barabarani. Msomera watalii hawapiti. Shanga zenyewe nyingi hutoka nje, hivyo bei yake hupanda dola inapopanda. Kwao, kuunganishwa na wapambaji wa kicheni pati wa Handeni na Korogwe kungekuwa na maana kuliko maonyesho mengine ya siku moja.

Makopo yasiyofaa kupambwa

Katika haraka ya kutafuta vyombo vya bure, kuna hatari ambayo gazeti la mkulima haliwezi kuinyamazia. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, mashamba ya mahindi yamepigwa dawa nyingi, na chupa zake zina umbo zuri na mifuniko imara. Chupa hizo hazifai kupambwa, hata kwa kuwekea maua. Kusuuza hakuondoi sumu yote, na mtoto hajui chupa hii ilikuwa ya nini. Zisuuzwe mara tatu ndani ya bomba la kupulizia, zitobolewe ili zisitumike tena, na zihifadhiwe mbali hadi zipelekwe kunakostahili.

Rangi ya mafuta nayo isiguse upande wa ndani wa ungo au chungu kitakachotumika kwa chakula. Mapambo yakae nje na ukingoni. Kwa singa, rangi isiyochemshwa na shabu huchuja na kuharibu nguo za mteja, na mteja huyo harudi. Bizari hutoa manjano, maganda ya vitunguu hutoa kahawia inayoelekea dhahabu. Aidha, mkonge hunywa maji na kuota ukungu. Anayeuza kapu lake kama la bafuni anajitafutia malalamiko.

Kuhusu mtaji, mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha mapambo kinaweza kuomba kama kikundi kingine chochote. Lakini mkopo wa kununulia gundi na riboni kabla ya kupata kamati ya kuagiza ni deni linalokaa kabatini. Heri VICOBA vianze na oda mbili ndogo, fedha ya awali itoke kwa mteja.

Suala la singa lina ufumbuzi usiohitaji mfadhili. Vyama vya ushirika vya mkonge vinaweza kukubaliana katika mkutano mkuu kutenga marobota machache kwa mwaka, yakafunguliwa na kuuzwa kwa kilo kwa vikundi vilivyosajiliwa, kwa bei ile ile ya daraja pamoja na gharama ya kupima. Singa fupi zinazobaki kwenye brashi, ambazo bei yake ni ndogo, zinafaa kujazia mito na kutengenezea brashi na mapambo ya ukutani. Bodi ya Mkonge ipo Tanga, SIDO nayo ina ofisi ya mkoa huko, na jambo kama hili linahitaji barua na kikao, si bajeti mpya.

Vikundi vitakavyotaka kupeleka kazi zao Nane Nane ya Kanda ya Mashariki, Morogoro, vina sababu ya kuanza mapema. Kapu la siku tatu, kwa msusi mmoja anayelima pia, halizidi manane kwa mwezi. Wasusi watano wakianza Juni watafika uwanjani Agosti na makapu kama 80, idadi inayotosha kulipia usafiri wa pamoja, mradi yawe ya saizi moja na bei iwe imeandikwa.