Sala Isiyovuka Kizingiti

Msomaji, katika Kotile, mji mdogo wa Ijara ulio upande wa mashariki wa mto Tana, Kaunti ya Garissa, watu wengi ni Waislamu, na adhana husikika mara tano kila siku. Mwalimu, mwuguzi au askari Mkristo aliyeletwa huko na kazi huiona dini ya majirani ikikatiza shughuli zao siku saba za juma. Ya kwake, mara nyingi, huivaa siku moja akaitundika siku sita. Nasema bila kificho kwamba dini ya Jumapili peke yake ni desturi ya mavazi.

Wapo watakaonijibu kwamba sala ni siri ya moyo, na kwamba Yesu mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake kuingia chumbani na kufunga mlango. Kweli, alifundisha hivyo. Lakini alikataza kujionyesha, hakukataza kubadilika. Aingiaye chumbani hana budi kutoka, na atokapo, watu wana haki ya kuuliza ametoka na nini. Mlango hufungwa ili majivuno yasipate mtazamaji. Haufungwi ili wema ubaki ndani.

Wapo na wa upande wa pili, wadhanio kwamba kuyaleta Maandiko katika maisha ni kuongeza kelele: sala ndefu mkutanoni, aya ukutani mwa duka, aya nyuma ya gari. Hao nawauliza, aya iliyo ukutani yasema nini juu ya mzani unaopunja ulio chini yake? Kitabu cha Mithali chaihesabu mizani ya udanganyifu kuwa ni machukizo. Mnunuzi aliyepunjwa sukari haisomi aya yako; amekwisha kuusoma mzani wako. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mtazame Danieli. Alikuwa mtumishi wa serikali ugenini, kati ya watu wasioshika dini yake, kama walivyo Wakristo wengi wapelekwao Kaskazini Mashariki. Aliomba mara tatu kwa siku, madirisha yakiwa wazi. Watu hupenda kusimulia habari za simba wakasahau jambo lililotangulia: adui zake walianza kwa kuichunguza kazi yake, wasione kosa wala uzembe. Hapo ndipo walipoigeukia sala yake. Je, adui zako wakikuchunguza wewe, watahitaji kufika kwenye sala? Au watatosheka na daftari lako la hesabu na karatasi yako ya mtihani?

Usidhani kwamba natetea jambo jepesi. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Baadhi yao walikutwa katika sala ya alfajiri. Vijana hao hawakuwa wakitafuta ushujaa; walikuwa wakianza siku yao kama walivyozoea. Baada ya msiba ule, ni aibu kwetu tusalio kwa salama kuitamka sala kama mtu ahesabuye hatua zake usingizini.

Tarehe 21 Desemba mwaka uo huo, basi lilishambuliwa karibu na El Wak, katika Mandera. Washambuliaji walitaka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alitoa mfano wa Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa na wasikilizaji wake. Nasi tulipewa mfano huo barabarani, katika nchi yetu wenyewe, na mtu asiyefuata Injili. Basi Mkristo aisomaye habari ya Msamaria kisha akambeza jirani yake Mwislamu hajaisoma. Amepitisha macho tu.

Hata Wimbo wa Taifa la Kenya ni sala. Sauti yake ilitoka kwa Wapokomo, watu wa mto uo huo wa Tana, katika wimbo wa mama abembelezaye mtoto. Mwanafunzi asimamaye mbele ya bendera kuiombea nchi haki, kisha akanunua majibu ya mtihani, ameibatilisha sala yake kwa mkono wake mwenyewe.

Tufanye nini, basi? Sishauri mambo makubwa. Zaburi ya 15 ina aya tano tu. Yamtaja mtu asemaye kweli, asiyesengenya, asiyevunja ahadi hata ikimtia hasarani, asiyetoza riba wala kupokea rushwa dhidi ya asiye na hatia. Isome alfajiri, dakika moja yatosha. Kisha ichukue darasani, uwanjani na sokoni. Jioni jiulize umeivunja wapi, uombe msamaha kwa Mungu, na kwa uliyemkosea pia, maana huyu wa pili ndiye tumwonaye haya zaidi.

Nawe msomaji uliye Mwislamu, ipime hoja hii kwa sala zako tano. Kizingiti cha msikiti na cha kanisa huvukwa mara mbili, kuingia na kutoka. Jirani yako hajui uliingiaje; ajua ulivyotoka.