Kujipa Burudani si Uvivu

Katika ukurasa wa afya umezoea kusoma habari za malaria, lishe ya watoto na maji ya kunywa. Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wazima wengi huliona la kitoto, yaani yale mambo madogo ambayo mtu huyafanya kwa kuyapenda tu, pasipo kulipwa wala kutumwa. Vijana huyaita hobi. Mmoja hupanda maua kwenye makopo, mwingine hufuga njiwa, mwingine hufungua ramani jioni akasafiri kwa mawazo mpaka Kigoma na kurudi. Katika nyumba nyingi mtu wa namna hii huambiwa hana kazi. Sisi tunaona kwamba anaitunza afya yake, na yafaa familia imwachie nafasi.

Tuanze na mfano wa hapa hapa Morogoro. Mbelgiji mmoja, Bart Weetjens, utotoni alipenda kufuga panya. (Akina mama wanaosoma haya wanaweza kuwazia maneno aliyoyasikia nyumbani!) Alipokuwa mtu mzima, akitafuta njia ya kugundua mabomu yaliyotegwa ardhini, alizikumbuka pua za panya wake. Shirika lake la APOPO lilihamia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 2000. Panya buku, huyu huyu atumalizaye mahindi ghalani, akafundishwa kunusa baruti, na baadaye akafundishwa kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa muda wa dakika 20 hivi, kazi ambayo kwa hadubini humchukua mtaalamu siku kadhaa. Sampuli anazozionyesha hupimwa tena maabara kabla ya mgonjwa kupewa jibu, na kwa njia hiyo wamepatikana wagonjwa waliokwisha kuambiwa kwamba hawana ugonjwa. Mwenzao Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake ya kugundua mabomu huko Kambodia.

Hatusemi kwamba kila afugaye njiwa ataokoa maisha ya watu. Hata kama panya wale wasingejifunza lolote, yule mtoto angekuwa amekwisha kupata faida yake. Akili inayokaa na deni, ada na ugonjwa wa ndugu mchana kutwa huchoka kama mgongo unavyochoka kwa jembe. Aliyechoka hivyo hulala vibaya, hukasirika upesi, na wengine hukimbilia chupa. Tumewaona wastaafu waliofanya kazi kwa bidii miaka 30, kisha wakakaa kibarazani bila kitu cha kuwaamsha asubuhi. Mwaka haukuisha wakawa wamezeeka mbele ya macho yetu. Mwenzao aliyekuwa na mizinga miwili ya nyuki bado anapanda mlima kuitazama.

Na hapo ndipo tunapoishangaa Morogoro yetu. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao ua dogo la zambarau alilolikuta katika nchi ya Usambara. Leo ua hilo hufugwa madirishani Ulaya na Marekani, na wapo watu wenye vyama vya kulilea na kulishindanisha. Jamaa za ua hilo huota katika miamba yenye unyevu ya Uluguru. Humo pia yumo ndege wa jamii ya chozi, aitwaye chozi wa Loveridge, ambaye hana makao mengine popote duniani. Wageni hukata tiketi ya ndege kuja kumtazama. Sisi tunauona mlima kila tukianika nguo, na wengi hatujafika hata Morning Side.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma. Ni nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwa mwenye shinikizo la damu au kisukari hilo ni jambo la maana sana, ila asiache dawa zake, na aanze na njia tambarare. Ni rahisi zaidi kutembea kama unakwenda kutazama kitu, kwa mfano ndege, maua, au mahali mto Morogoro unapoingilia mjini.

Lakini mama anayeteremsha mkungu wa ndizi kutoka Luhungo alfajiri hahitaji kuambiwa atembee. Huyo anahitaji kukaa. Baba ana bao lake na mpira wa redioni, na hakuna amwulizaye. Mama akichukua uzi na sindano ya kufuma, mara anaitwa jikoni. Binti naye anatumwa maji wakati kaka yake anachezea gari la waya. Tunaomba kila nyumba iwape saa moja kwa juma ambayo haiguswi na mtu, na baba ndiye ailinde.

Kuhusu safari, tusiwakataze watoto kuota. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatufikisha Dar es Salaam kwa muda mfupi, na kila mtoto anataka kuiona bahari. Kama nauli haijapatikana, wapeni ramani na daftari. Waufuate mto Ruvu kwa kidole kutoka Uluguru, waone jinsi mvua iliyonyesha nyuma ya mlima wetu inavyotoka kwenye bomba la shangazi yao kule Dar. Wekeni kopo la akiba, hata la shilingi mia mia. Miezi ya kuhesabu na kupanga nayo ni furaha ya safari.

Watakaotaka kuanza na mlima wakumbuke kwamba msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Wapitie kwanza ofisi ya hifadhi kuchukua kibali, wapate kiongozi anayeijua njia, wavae viatu visivyoteleza, wachukue maji na sweta. Kilele cha Lupanga kinapita mita 2,100, nao ukungu huko hushuka upesi, basi waanze kuteremka mapema.